Mpimaji wa kadi aliyepata macho ghafla

Leo nimeona mtu akipata macho mbele yangu.

Nilinunua kadi ya mchezaji mpira, zile za kukusanya, imefungiwa kwenye plastiki na alama ya ubora, tisa kwa kumi. Kuiangalia juani, pembe imepakwa rangi.

Nikamfuata mpimaji aliyeipa hiyo tisa, hapa Mji wa Kale. Akaapa ni safi. Kumbe anayemlipa ni muuzaji.

Nikamwambia, "Basi inunue wewe, kwa bei ya hiyo tisa."

Akaigeuza. Akaiinamia.

"Dada, hii pembe imepakwa rangi."

Sonara wetu wa Kibokoni, ukimrudishia bangili ya dhahabu, huinunua kwa bei ya karati ile ile aliyokutajia. Ndiyo maana hathubutu kudanganya.

Hawa wapimaji nao walazimishwe kununua kwa alama waliyotoa wenyewe. Niambieni kama nakosea.

Macho wanayo. Hawayatumii mpaka iwe ni pesa yao.