Matobolwa Shavuni, Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii nimetembea nayo tangu nina mimba ya Shija, na Shija mwenyewe sasa ana wajukuu, lakini nikikutana na mtu wa kijiji kile bado ataniuliza kama shavu limepona, kwa hiyo bora mnisikie mimi kuliko kumsikia Kalunde, ambaye huongeza chumvi.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, tumehamishiwa kijiji kipya njia ya Ulyankulu, na kazi yangu mimi ilikuwa kutia kuni kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, moshi unakuingia mpaka usiku ukilala unaota unakohoa. Basi tukasikia bibi afya anakuja kutoka mjini kuchagua mama mmoja wa kuwapikia watoto wadogo wa kijiji, na huyo mama atapelekwa Tabora kwanza akafundishwe. Niliitaka kazi ile mno. Mama mkwe wangu, Nyamizi, alishanisemea kwa wazee, na mimi moyoni nilikwisha kuagana na bani.

Asubuhi ya mkutano sikula kitu (mimba ilikuwa inanitibua), ila nikafunga matobolwa kwenye pindo la kanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kuni. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Bibi afya alikuwa Zuhura binti Salum wa Gongoni, mtu wa mjini, sauti laini, buibui lake halina hata vumbi. Tulikaa kwenye banda la kuchambulia tumbaku, wanaume huku, wanawake kule. Akasema chakula cha maana tunacho ila tunakidharau: nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, ukiyapika kwa karanga yanaongeza damu, mlenda unalainisha tumbo, ubuyu unawafaa watoto, viazi vinatia nguvu. "Na wenye mimba wale mayai," akasema, wanawake wote tukatazama chini, maana kwetu enzi hizo mwanamke hali yai. Mimi kusikia viazi, njaa ikanikamata, nikainama kama ninayefunga kanga vizuri, nikatia kipande mdomoni. Tena kikubwa.

Sasa matobolwa hayana haraka, unayaweka shavuni yalainike na mate polepole. Hata hakijaanza kulainika nikasikia, "Mke wa Maganga, njoo mbele."

Na mjue kwamba kwetu mkamwana hali mbele ya baba mkwe, hata kutafuna asionekane. Na mwenyekiti wa mkutano alikuwa nani? Mzee Kasubi, baba mkwe wangu, amekaa pale pale mbele. Kutema siwezi, kutafuna siwezi, kumeza hakimezeki. Nikapiga magoti.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Zuhura akauliza.

Nikavuta kanga mpaka mdomoni.

"Nsansa unajua kuipika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona husemi?"

Kalunde, ambaye naye aliitaka kazi ile, akadakia kutoka nyuma, "Mjini hajafika, maringo keshaanza."

Watu wakacheka. Mate yakajaa, kiazi kikazidi kuvimba, machozi yakaanza kunitoka. Zuhura akanigusa shavu, akalikuta gumu, akabadilika uso. "Taya limekaza. Isije ikawa pepopunda, na ana mimba huyu. Mshikeni."

Mzee Kasubi, kwa kumhofia mjukuu wake, mila zote zikamtoka, akaruka kitini akanishika kichwa kwa mikono miwili (baba mkwe, kichwa changu, mbele ya kijiji kizima). Nyamizi akajifunika uso kwa kanga. Mimi kwa mshtuko nikakohoa, kiazi kikatoka kizima kikamgonga mzee kifuani, kikaanguka miguuni pake.

Akakiokota. Akakigeuza. Akamwambia mkewe, "Mama Maganga, hiki ni chako. Naujua ukataji wako."

Banda zima likaangua kicheko. Zuhura naye alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasema kwa upole, "Huyu chakula bora anakijua, lakini watoto wenye njaa siwezi kumwachia mtu anayeficha chakula shavuni." Kazi akapewa Kalunde, na mimi nikarudi kwenye moshi wangu.

Jioni Nyamizi akaniletea kuku jike, maana baba mkwe akimgusa mkamwana lazima amfute aibu kwa kitu. "Baba yako anasema mayai yake ule wewe, asije mjukuu akazaliwa taya limekaza." Yai la kwanza nililila mlango umefungwa, Nyamizi akilinda. La pili alikula yeye, nikalinda mimi.

Siku hizi wajukuu wananiletea unga wa lishe wa kwenye mkebe, nawashukuru, nauweka. Matobolwa yangu sijayaacha, na meno yaliyobaki yanatosha. Ila nikishatia kipande mdomoni, mtu apige simu au apige hodi, siitiki mpaka nimeze. Atanisubiri.