Bendi Iliyoitwa Kero

Ukipita nje ya nyumba yetu pale Kawajense siku hizi utadhani kuna ugomvi. Mimi nampigia mjomba kelele, yeye ananijibu kwa kelele, na kumbe tunaulizana tu kama chai iongezwe sukari. Masikio yake yamekwisha. Nimerudi kutoka Tabora nikae naye kidogo, na kila jioni koo linaniuma kama nimetoka kushangilia mpira. Mwenyewe hujicheka. "Vumilia, mpwa wangu. Haya masikio niliyatumia yote nikiwa kijana."

Aliyatumia kwenye bendi. Rafiki yangu, kama ulikulia upande huu wa Katavi, Kero Jazz uliisikia, hata kama hukutaka.

Mimi nililelewa na bibi, na bendi ilizaliwa uani kwake, kati ya jiko la kuni na kamba ya kuanikia nguo. Walikuwa watatu. Mjomba aliimba na kupiga gitaa alilolichonga mwenyewe kwa mbao ya mninga. Rafiki yake, fundi baiskeli, alipiga gitaa la pili, na nyuzi zote alizitoa kwenye waya za breki. Wa tatu alikuwa kijana wa familia ya wafugaji waliohamia Kasekese na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Huyo alikata pipa la mafuta, akaliwamba ngozi, akawa analipiga kana kwamba ng'ombe wameingia shamba la mtu. Spika ilikuwa moja, inatumia betri ya gari, na ilikwaruza hata kabla mtu hajagusa gitaa.

Jazz lilikuwa jina tu. Bendi nyingine zilipiga taratibu, watu wakacheza wameshikana. Hawa wetu walianza wimbo kama watu wanaokimbia mvua, na walimaliza kabla hujajua uweke mguu wapi. Mjomba hakuimba, alifoka. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likadondokea kwenye mbao, na kuku wa bibi wakahamia kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mama wa Karema, mfanyabiashara wa samaki. Siku moja alikuja na ushungi wake umekaa upande, mikono inanuka migebuka, akasimama katikati ya ua. "Nyie watoto, hii ni kero! Kero kabisa! Mtu hawezi hata kuswali!" Wakazima betri, wakamwomba radhi kwa heshima zote. Alipoondoka wakatazamana, wakaangua kicheko, na jina likawa limepatikana. Tangu siku hiyo walisubiri amalize swala ndipo waanze, na yeye akaanza kuleta samaki. Alisema anawalisha ili midomo iwe na kazi nyingine.

Nikifumba macho naipata harufu ya ua ule wakati wa masika: uyoga unachemka na karanga, moshi wa kuni mbichi, ngozi ya ngoma ikianikwa karibu na moto ili ikaze. Mimi kazi yangu ilikuwa kutwanga kisamvu, na nilitwanga kwa mapigo yao, maana hakukuwa na namna nyingine. Bibi hakuwasifu hata siku moja. Alichungulia tu kutoka jikoni na kusema, "Pigeni, pigeni. Kuni atapasua nani?" Lakini wakikosea mahali, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Wimbo uliowatoa ulitokana na bibi. Alimtuma mjomba shambani, mjomba akagoma, wakajibizana asubuhi nzima. Mchana yale majibizano yakawa wimbo. Mjomba anauliza, "Shambani nani aende?" na wale wawili wanafoka, "Siendi!" Kisimani nani aende? Siendi! Basi. Hakuna zaidi. Wiki ile Kawajense nzima hapakuwa na mtoto wa kutumwa dukani. Mwalimu wetu wa darasa la nne alituambia twende tukachote maji ya kumwagilia bustani, darasa zima likajibu kwa sauti moja, na darasa zima likachapwa. Jumamosi yake nikamwona mwalimu huyo huyo sokoni Kashaulili, ameshika kikapu cha dagaa, anafoka "Siendi!" na wengine, kola imelowa.

Wakaanza kuitwa kila mahali. Msimu wa tumbaku walikwenda vijijini kwa lori juu ya marobota, wakapiga minadani, wakateremka mpaka Ikola na Karema, na wavuvi wakaacha kutengeneza nyavu kuja kuwasikiliza. Wakulima, wachimbaji, akina mama wenye watoto mgongoni, wote walikuwa na mahali wasipotaka kwenda. Mjomba alikuwa akirudi sauti imemkauka, bibi anampa asali na maji ya moto, keshokutwa anafoka tena.

Halafu akaja mtu wa studio, kijana mpole mwenye miwani. Alisema wana kipaji ila wana haraka. Akawachukua hadi Mwanza, akawawekea kinanda, akamwambia mjomba aimbe kwa hisia. Wimbo uliporushwa redioni tulijaa uani, jirani na samaki wake, mimi na mchi wangu. Sauti laini ikatoka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu mgonjwa ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinuka, akachukua shoka, akaenda kupasua kuni bila kutumwa. Jioni betri ikawashwa, wakapiga vibaya na kwa nguvu kuliko siku zote, na habari za studio zikaishia hapo.

Bendi ikaendelea. Ikaendelea nikaenda sekondari, nikaolewa, bibi akafariki. Kila nikija likizo nilikuta spika nyingine na lami mahali palipokuwa na vumbi. Vijana wakaanza kuleta muziki wao kwenye flashi. Kero Jazz haikukosa watu, lakini watu walitaka wimbo mmoja. "Siku hizi sisi ni kama keki ya harusi," mjomba aliniambia. "Tunaletwa, tunakatwa, wanapiga picha, tunaondolewa." Fundi baiskeli akaugua, tukamzika. Wakabaki wawili, na hawakumtafuta wa kumrithi.

Wiki mbili zilizopita waliitwa harusini, Kashaulili. Mchana, jua kali, ukumbi umejaa. MC akatangaza jina, watu wakasimama juu ya viti. Mjomba alianza vizuri. Ubeti wa pili sauti ikakatika, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Lakini ukumbi ulikuwa ukiimba, kuuliza na kujibu, simu zimeinuliwa, wanapigana picha wao kwa wao. Mjomba akaweka maiki juu ya spika. Akashuka taratibu, akaja kuketi karibu nami, akanywa soda yangu. Wimbo uliendelea bila yeye, na hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa yule mfugaji, ambaye hakuacha kupiga, macho yakimtafuta.

Bibi harusi alikuja kushukuru. "Babu, leo mmeua!"

"Amesema nini?" mjomba aliniuliza.

"Anashukuru!"

"Kwa lipi? Mimi si nimekaa?"

Tulirudi nyumbani kwa bajaji, ngoma imekaa mapajani mwa mfugaji. Uani sasa kuna vyumba vya kupangisha, pamebaki kijia tu cha kupitia. Wazee wale wawili wakaketi kwenye ngazi, viatu wamevua. Kisha mjomba akasema, taratibu, kwa kile kisauti kilichobaki, "Kaka, mimi nimechoka."

Mfugaji akajibu jambo, akiangalia chini. Mjomba hakusikia, akasogeza sikio. Ikabidi mwenzake alirudie kwa kelele, mpaka wapangaji wakachungulia madirishani.

"Nasema nilikuwa nasubiri uniambie!"

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike fundi!"

Mjomba alimtazama, akaweka mkono begani mwake, akauacha pale. Kumbe miaka yote hiyo, kila mmoja alibeba vyombo kwa sababu aliona mwenzake bado anataka. Asubuhi mfugaji alipanda gari la Kasekese na ngoma yake, wakaagana kama watu wanaotoka kazini.

Nimejiuliza ni nini hasa kimeondoka. Wimbo upo, nausikia mitaani. Walioondoka ni watu wale wa uani, waliojuana kwa kusikilizana tu, fundi akijua kwa pumzi ya mjomba kwamba ubeti unaisha, na bibi jikoni akisimamisha mwiko. Leo mchana mjomba amelala kitini, mdomo wazi. Nje kuna grenda ya fundi milango, watoto wa shule, pikipiki. Yeye hasikii hata moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, anapumzika.