Ijumaa Isiyokwisha ya Nyamasaria

Watu wawili nimewasimulia habari hii. Mmoja alicheka, wa pili akanishauri nipumzike. Wote wawili hawana akili. Ninachokuambia kilitokea mchana, nikiwa macho na tumbo limeshiba, ndani ya gereji moja ya Nyamasaria, Kisumu, ambayo hata leo nikipita barabara ya Nairobi naweza kukuonyesha bati zake za kijani. Usiponiamini, hiyo ni shida yako. Mimi zangu zinanitosha.

Gereji hiyo ni ya Injinia Odhiambo, mwenye upara unaong'aa kuliko bati zake. Tangu astaafu hajatengeneza hata pasi, lakini cheo cha Injinia hakistaafu. Ndani yake aliweka kompyuta ya zamani, aliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu kiwanda fulani kilipofungwa. Wajuzi wanaiita minikompyuta, yaani kompyuta ndogo. Ndogo! Ni ndefu kuliko mimi, pana kuliko friji ya hoteli, ina safu ya swichi kifuani kama vifungo vya koti la chifu, na ikiwashwa inanguruma kama kinu cha posho. Kazi yote inayoifanya, simu yangu yenye kioo kilichopasuka inaifanya nikiwa nimeilalia.

Na bado kulikuwa na watu wazima waliokutana pale kila Jumamosi kuiabudu. Walijiita chama. Shughuli yao ilikuwa kuhakikisha mfumo endeshi wa mashine hiyo, ule ule uliokuja nayo kwenye tepu, unaendelea kufanya kazi kama enzi zake, bila kubadilishwa hata herufi moja. Mashine ikikubali kuwaka, maneno ya kijani yanatokea kwenye skrini nyeusi, na watu wenye wajukuu wanapigiana makofi. Nimeona kwa macho yangu. Waliwahi kukata keki.

Utauliza, mimi nilikuwa natafuta nini hapo? Kazi. Nina shahada ya kompyuta na hiyo shahada iko chini ya godoro. Injinia ana mpwa wake anayeajiri watu katika ofisi moja mjini, na aliniahidi kuniombea. "Wiki ijayo nitampigia," alisema, na wiki ijayo ikawa inaahirishwa kila wiki. Kwa hiyo nilikwenda, nikafagia, nikapika chai, nikapiga makofi. Hata makofi yalinitesa. Nikipiga mapema, ataniona mwenye kujipendekeza. Nikichelewa, ataniona mwenye kiburi. Nyumbani nilikuwa nikijilaza na kuyapiga upya kichwani.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana jambo lote liko hapa. Mfumo ule, kila ukiwashwa, kabla ya kufanya lolote huuliza: leo ni tarehe gani? Na hauijui miaka yetu hii. Waliouandika hawakufikiri ungeishi muda mrefu hivi, kwa hiyo ukiuambia mwaka wa kweli, unakataa. Wenye mapenzi haya wana desturi yao. Wanachagua mwaka wa zamani ambao siku zake za wiki zinalingana na za mwaka huu, Jumatano iwe Jumatano, kisha wanaidanganya mashine kwa mwaka huo. Uongo safi, hauumizi mtu.

Injinia hakuifuata desturi hiyo. Iwe Jumatatu, iwe Jumamosi, yeye aliandika Ijumaa moja ile ile, ya mwaka ambao mama yangu alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Jioni anaizima. Kesho yake anaiwasha: Ijumaa ile ile.

Mwanachama mmoja, Bwana Salim, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini na ambaye wazee wake walitoka Pwani, alimwuliza mbele yetu. "Injinia, leo Jumamosi. Mbona wamlisha mwenzio Ijumaa?"

"Inakuuma wapi, Salim?"

"Mimi hainiumi. Lakini hata huyu maskini angependa kuonja wikendi."

Tukacheka. Injinia hakucheka. Nilipothubutu kuuliza mimi, aliniambia, "Nyar Alego, wewe angalia chai isimwagike." Nyar Alego, binti wa Alego. Jina langu hajawahi kulijifunza.

Basi mimi jambo kama hilo siwezi kuliacha. Nililala nalo, nikaamka nalo. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume mwembamba, shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni, amesimama kando ya mashine hiyo hiyo ikiwa mpya. Ni babake Injinia. Ndiye aliyekuwa akiiendesha kiwandani, zamu ya mchana. Siku moja Injinia alituambia kwamba mwaka ule ule wa Ijumaa yake mzee huyo alipitia Usenge, ufukweni mwa ziwa, kwenda kisiwani kumwona mama yake, mtumbwi ukapinduka, akazama. Siku gani? Jumamosi. Nikaunganisha. Ijumaa ya mashine ilikuwa siku ya mwisho ya babake kazini.

Nilimwonea huruma, sikatai, kama siku moja hivi. Kisha ikaisha. Wengine wakifiwa wanapalilia kaburi. Huyu kaburi lake alilichomeka kwenye umeme.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Injinia alikwenda Mamboleo kutafuta feni ya kubadilisha, maana kesho yake wageni wangekuja kuipiga picha mashine. Akanipigia simu.

"Iwashe ipate joto. Andika Ijumaa yangu. Ukigusa tarehe, hiyo kazi ya mpwa wangu sahau. Umesikia?"

"Ndiyo, Injinia."

"Na mzee akija, mpe chai. Usimsumbue na maswali."

"Mzee gani?"

Akakata. Nikabaki nikiwaza ni chai ya maziwa au ya rangi.

Mawingu yalikuja kutoka ziwani kama yanavyokuja kila alasiri msimu ule, na nilipokuwa nainua swichi mvua ikashuka. Si mvua ya kusimulia, ni ya kupigiwa kelele, bati zikawa zinalia hata feni za mashine sizisikii. Diski ikazunguka, skrini ikauliza tarehe, nikaandika Ijumaa. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama ndani ya mlango.

"Misawa," akanisalimu. "Jua la leo linaua."

Jua! Nyuma yake ua mzima ulikuwa mto, ndoo ya Injinia inaelea. Na mzee alikuwa mkavu. Simaanishi hakulowa sana. Alikuwa mkavu kabisa, viatu vina vumbi jekundu, paji la uso lina jasho, na shati la mikono mifupi lina kalamu mfukoni. Niliitazama picha ukutani, nikamtazama yeye. Unadhani ningekimbia? Wewe ungekimbia wapi na mvua ile? Nilimwuliza kama anatumia sukari.

Alivuta kiti, akaketi kwenye kibodi kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Vilikimbia, niamini, kuliko vya mtu yeyote niliyesoma naye. Kwenye skrini haikutokea herufi hata moja.

"Hainisikii," akasema.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu Ijumaa."

"Na leo ni siku gani?"

"Ijumaa." Akacheka puani, kicheko cha mtu aliyechoshwa na wajinga. "Nyathina, mwanangu, mimi nikimaliza zamu nachukua kofia yangu, nafika pale geti, najikuta naingia tena. Jua ni lile lile. Na kuna jamaa mmoja wa upara anakaa hapo ulipo, ananikodolea macho kama sinema. Haongei. Analia tu. Mwanamume mzima!"

Nikauma mdomo. "Humjui ni nani?"

"Nitamjulia wapi? Ni mzee kuniliko."

"Una watoto?"

"Kijana mmoja. Yuko darasa la tatu, anapenda kubonyeza bonyeza vitu." Kisha akanigeukia. "Wewe vidole vyako inavisikia. Niandikie Jumamosi. Mama yangu ni mgonjwa, ananingoja kule kisiwani."

Hapo ndipo akili yangu, ambayo hata kuchagua soda inachukua robo saa, ilipotaka kunipasuka. Nikiandika, kazi imekwenda. Hilo dogo. Nikiandika, ninamtuma mtu kwenye mtumbwi ninaojua utapinduka. Nisipoandika, atakuwa anaingia kwenye gereji hii maadamu Injinia yu hai, na Injinia ana afya ya punda. Je, kumwambia ukweli ni huruma au ni ukatili? Na mtu aliyekwisha kufa unaweza kumwua? Chuo hawafundishi.

"Mzee," nikasema, "na kama ziwa kesho si zuri?"

Akaondoa vidole kwenye kibodi. Nadhani alijua. Naapa nadhani alijua.

"Nimekuuliza habari ya ziwa? Mimi nimekulia kwa maji. Kesho ikiwa mbaya, ni mbaya yangu. Hii Ijumaa ni ya nani?"

Nilimfikiria Injinia na leso yake, ameketi kwenye kiti chenye mto, anamtazama babake akihangaika na kibodi, mchana baada ya mchana, wala hajawahi kumfungulia mdomo amwambie mimi ni mwanao. Kama ni mapenzi hayo, basi nami naogopa kupendwa. Nikaiita tena tarehe kwenye skrini, nikaandika Jumamosi.

Hapakuwa na radi wala moshi. Mashine iliipokea tarehe kama karani anayepokea fomu, haikuinua hata macho. Mzee akasimama, akachukua kofia ambayo sikumwona akiingia nayo.

"Ero kamano, nyar Alego," akanishukuru. Na mimi sikuwa nimemwambia kwetu ni wapi.

Akatoka. Hatua ya kwanza, mkavu. Hatua ya pili, nikaona tone likimpiga begani na shati likaweka doa. Akasimama. Akainua uso juu kama mtu aliyeitwa, akacheka, cheko la kweli safari hii, na mvua yote ikamwangukia. Alilowa mpaka shati likashikana na mbavu. Akavaa kofia akapita getini, na hakuingia tena.

Injinia alirudi mvua ikipungua, feni iko ndani ya mfuko wa plastiki. Alikwenda moja kwa moja kwenye skrini.

"Umemwua baba yangu," akasema polepole.

Mimi ambaye huomba radhi hata nikikanyagwa, nilimjibu. "Alikufa ukiwa darasa la tatu. Wewe ulimzuia tu mlangoni."

"Toka."

"Anasema unapenda kubonyeza vitu."

Akajifunika uso. Nikatoka. Kazi ya mpwa wake ilikwenda, bila shaka, na sasa niko kwenye saiba moja, duka la intaneti mjini, nawajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Kabla sijagusa kompyuta yoyote naangalia kwanza tarehe. Ikiwa nyuma hata kwa siku moja mikono inaniganda, na wateja wananifikiria mvivu. Kila Jumamosi upepo ukivuma kutoka ziwani najiuliza kama nilimfungulia mlango au nilimsukuma. Sijapata jibu na usinipe lako.

Wale wa chama walitawanyika. Lakini Salim bado humpitia Injinia, kwa sababu ana moyo kuliko sisi wengine, na juzi alinipigia simu sauti haikuwa yake. Anasema Injinia sasa haizimi mashine. Anairudisha kwenye Ijumaa ile kila jioni inapokaribia kwisha, anamngoja mzee, na mzee haji.

"Jana Nyamasaria yote ilikuwa maji," Salim akaniambia. "Nimefika nimelowa kama panya. Akaja mwenyewe kunifungulia geti, hana mwavuli, hana kofia. Tukasimama pale tunasalimiana mvuani."

"Halafu?"

"Akaniambia, 'Salim, jua la leo kali.' Mwanangu, shati lake lilikuwa kavu."

Basi wewe uliye na mashine yako ya zamani unayoipenda kuliko watu, sikukatazi kuiwasha. Idanganye mwaka ukitaka, wote wanaidanganya. Ila ukishaipa siku, iache siku hiyo iishe. Na ukikuta mtu amesimama kwenye mvua ya Kisumu hajalowa, usimwulize leo ni siku gani. Mimi nilimshauri Salim asirudi pale. Alisema ameahidi kwenda tena Ijumaa.