Senti Kumi Yenye Tundu

Baba mkwe wangu, mzee Isihaka, hakuwa akigusa sarafu zake kwa tumbo la kidole. Alizishika ukingoni tu, tena kwa woga. Tangu astaafu bandarini, shughuli yake ilikuwa kuzunguka maduka ya Chikongola akiuliza nani ana hela za zamani, kisha kukaa barazani na kioo cha kukuzia, akizipanga kwa hali zake. Zisizo na mkwaruzo aliziita bibi harusi, zilizotumika kidogo wajane, na zilizolika mpaka maandishi yakafutika aliziita maiti. Kila moja ilikuwa na bahasha yake, na zote zililala kwenye kopo lenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Niliwahi kumsugulia moja kwa ndimu na majivu, nikidhani namsaidia. Alininunia mpaka Ijumaa. Nami nikamwambia mume wangu kwamba baba yake ana wazimu.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni nikikaanga vitumbua. Mama mkwe, Mwanaamina, alimwogesha binti yangu Riziki, akamvalisha, akamwacha na babu yake, kisha akaenda mazishini Kitaya. Mzee alikuwa anabadilisha mchele wa kopo, kila kitu kikiwa mkekani. Alipozirudisha sarafu akakuta bahasha moja tupu, ya senti kumi ya enzi za Mwingereza, yenye tundu katikati, bibi harusi aliyempenda kuliko wote. Akageuka. Riziki alikuwa anakohoa, udenda unamtoka.

Kwenye simu nilisikia "mtoto" na "amemeza" tu, nikaacha vitumbua kwenye mafuta. Nikadandia bajaji. Nilishazika mtoto mmoja kabla ya Riziki, na njia ya hospitali ilikuwa ile ile.

Riziki alilia na kutapika mpaka sauti ikakauka. Hakukubali kuvuliwa, basi tukampandisha gauni kifuani, nikamshika mikono, wakapiga picha ya eksirei. Daktari akatuonyesha. Ilikuwa pale pale, tumboni, duara jeupe lenye tundu katikati. Mzee akakaa sakafuni na kanzu yake. Daktari alisema sarafu nyingi hutoka zenyewe, lakini kutapika kukiendelea watalazimika kumpasua. Hajamaliza kusema, Riziki akatapika tena.

Hofu ilinitoa adabu.

"Baba," nilisema, "mwanangu akifa, kopo lako nitakuzika nalo."

Alikuwa anampigia mkewe, na simu ya Kitaya haipatikani. Midomo ilikuwa inamcheza, nikajua anasoma dua.

Muuguzi, Veronika, akaja kumwandaa mtoto. Alipoishusha nepi, mikono yake ikasimama.

"Mama Riziki, hebu njoo uone."

Kiunoni, chini ya nepi, palifungwa uzi mweusi, na kwenye uzi ilining'inia senti kumi yenye tundu. Nilijua papo hapo ni kazi ya nani. Mama mkwe alikuwa akimwomba mzee sarafu hiyo tangu mtoto azaliwe, amfunge dhidi ya kijicho, na mzee akikataa kwa kuwa jasho la mtoto lingeiharibu. Siku ya msiba aliogopa kumwacha mjukuu mtupu, akaichukua bila kuuliza. Nikayatazama matapishi kwa mara ya kwanza kwa akili. Yalikuwa punje za mchele wa kopo.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Veronika akachukua mkasi aukate uzi, amrudishie mzee mali yake. Mzee akamshika mkono.

"Iache, mwanangu."

Sasa sarafu ile imeota kutu ya kijani, na taji la mfalme halionekani tena. Ni maiti kamili. Kila asubuhi, kabla hajafungua kopo, mzee humwita Riziki, humfunua fulana, na kuibonyeza kwa tumbo la kidole, ahakikishe ipo nje.