Ndoo Mbili kwenye Kitalu Namba Saba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Rula amepiga magoti kwenye kitalu namba saba. Anabonyeza udongo kwa kidole gumba, kidole kinarudi na tope. Anakitazama kama mtu aliyekuta kiatu kigeni mlangoni kwake.

Mvua ina siku kumi na saba haijanyesha. Vitalu vingine vimepasuka kama visigino vya bibi asiyejua mafuta.

Wanamwita Mama Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi. Kazi yake ni kulinganisha aina sita za mpunga wa kutegemea mvua, kila aina vitalu vitatu, ijulikane ipi inalivumilia jua la hapa. Anapima, anahesabu mashina, anaandika daftarini. Kumwagilia ni marufuku.

"Mwaka juzi nilisifia mbegu kabla ya kuipima," anasema. "Majirani wakanisikiliza, wakavuna makapi. Dada yangu wa tumbo moja alininyima salamu miezi minne. Ukiniona naandika, ujue naogopa."

Kutoka kitaluni kuna nyayo. Zinaishia jikoni kwa mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na mitatu, ambaye ndiye aliyeitoa mbegu ya namba saba.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka na mgongo."

"Mgongo wa kubeba nini?"

Bibi anapuliza moto ambao tayari unawaka. "Ndoo mbili tu, jana jioni. Mpunga una mimba, mwanangu. Wewe ulipokuwa na mimba nilikunyima maji?"

"Mama, ule ni mtihani."

"Basi nimempa mtahiniwa maji ya kunywa. Majibu sijampa."

Mama Rula hacheki. Mtafiti aliyempa kazi hii ya kulinganisha mbegu anakuja saa nne, na kwa jua hili tope litakuwa limekauka. Hakuna atakayejua. Wa kumshtaki mama mkwe wake naye bado hajazaliwa.

"Nikinyamaza, mbegu ya mama itashinda," anasema, rula ikigongagonga goti. "Watu wataipanda. Mvua ikikata, nitajificha uvungu wa kitanda cha nani?"

Anafungua daftari. Anaandika: *Namba saba imemwagiliwa ndoo mbili. Isihesabiwe.* Aliyemwagilia hamwandiki. Akiulizwa, atasema ni mkono wa nyumbani kwake.

Tumaini lake sasa liko kwenye vitalu viwili vilivyobaki vya mbegu hiyohiyo. Majani yake yamejikunja kwa kiu. "Vikitoa punje bila kubebwa, msimu ujao shamba letu zima ni hiyo, na shimo la kwanza atachimba mama."

Bibi ametega sikio mlangoni. "Kumbe ninavyo vingine viwili? Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo maana sikukuambia, mama."

"Viko upande gani?"

Mama Rula anatazama mawingu, kisha anamtazama mkwewe. Anazichukua ndoo zote mbili, anaziingiza chumbani kwake, na kufunga mlango kwa kufuli.