Tuta Moja Kila Asubuhi

Bwana shamba wa Mwingereza alipiga marufuku matuta yetu ya mviringo, yale ambamo tunafukia majani yaoze yawe mbolea. Alitaka mistari iliyonyooka. Wanaume tulilalamika wee, kisha tukakaa vibarazani, majembe yakashika kutu.

Mama yangu hakulalamika. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, aliinua tuta moja tu, la mviringo. Mimi, dume zima lenye ndevu, nilimcheka.

Mvua zilipokaribia kwisha, shamba lake lote lilikuwa limejaa matuta. Bwana shamba akaja amefura, akauliza nani kathubutu. Mama alikuwa ameinama analima. Hata kichwa hakuinua.

Aibu ilinichoma. Nikachukua jembe, nikainua tuta langu la kwanza palepale, miguuni pa bwana shamba.