Niliposimama Mbele ya Ngazi

Kwa miaka minne nilikuwa afisa usalama kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, nje kidogo ya Runzewe. Tulikuwa tunanunua marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshauosha kwa zebaki na kuutupa. Tuliuloweka kwenye maji ya sayanaidi ili yachomoe dhahabu iliyobaki. Sayanaidi ikiwa na chokaa ya kutosha hutulia ndani ya maji. Ikikutana na tindikali hugeuka gesi, na gesi hiyo humwangusha mtu kabla hajajua kimetokea nini. Hayo niliyafundisha kila Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamekaa juu ya magunia ya chokaa, wengine wakinisikiliza, wengine wakimalizia uji.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mchanganyaji wetu, baba mmoja wa Ushirombo mwenye umri wa kunizaa. Yeye ndiye aliyepima sayanaidi na kuikoroga kwenye tenki la kuchanganyia. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia kila siku, akiniita mama kwa Kisukuma ingawa ningeweza kuwa binti yake, nami nikamjibu kwa shikamoo. Kusoma hakukuwa kwepesi kwake, kwa hiyo hatua za kuingia ndani ya tenki alizishika kichwani: osha mara tatu, pitisha hewa, pima gesi, ndipo uingie. Kuna Jumatatu niliruka hatua ya hewa kwa haraka zangu, akanyoosha mkono mbele ya wote.

"Mayu, umesahau hewa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilijisikia mwalimu siku ile.

Kipima gesi chetu kilikuwa kimoja tu, kidogo cha kubana kifuani, na kilikufa mwanzoni mwa kiangazi. Nilikwenda kwa meneja. Sitaki kumfanya shetani; alikuwa mtu mpole aliyewauliza wafanyakazi habari za watoto wao. Alisema kipya kimeagizwa. Baada ya wiki kadhaa kilikuwa kimefika Dar es Salaam. Kisha kikawa kimekwama bandarini. Huku nyuma matenki yalihitaji kusafishwa, na kila anayeingia lazima awe na fomu ya kibali iliyosainiwa na mimi, yenye kisanduku cha kujaza kipimo cha gesi. Mara ya kwanza nilikiacha kitupu. Fomu ikarudi.

"Haina namba," meneja alisema. "Hatuwezi kuanza kazi na fomu ambayo haijakamilika."

"Sina cha kupimia, bosi."

"Siku zote ulikuwa unapata ngapi?"

"Sifuri."

"Basi."

Niliandika sifuri. Wiki iliyofuata niliandika tena, na safari hiyo hakuna aliyeniambia. Mkono ulizoea.

Tulikuwa na kitu kingine cha kututoa kwenye shida: mtungi wa hewa na barakoa yake, ambavyo mtu huvaa akiingia mahali penye gesi. Hewa ya mtungi ule niliimaliza mwenyewe. Walikuja wageni kutukagua, nikauvaa, nikapanda na kushuka ngazi mbele yao kuonyesha jinsi tulivyo tayari. Walipiga picha. Kuujaza kulihitaji kuupeleka Mwanza, na kila gari lilipokwenda Mwanza palikuwa na mzigo wa muhimu zaidi. Nilikumbusha mara tatu, halafu nikaacha.

Ilikuwa Jumanne, kwenye saa nne asubuhi. Tenki la kuchanganyia lilikuwa limeshika ukoko mgumu chini, na meneja alitaka lirudi kazini kabla ya mchana. Mchanganyaji alikuwa aingie kuukwangua, na kijana mmoja shupavu abaki juu kumwangalia. Nilisaini. Nilijaza sifuri. Sikwenda hata kuchungulia, maana ningechungulia na nini?

Ambacho sikukijua ni kwamba jioni ya jana yake mtu alimwaga tindikali ndani ya tenki ili kulainisha ukoko. Nani aliagiza, sijui mpaka leo. Kila mmoja alimtaja mwenzake.

Nilisikia kelele nikiwa ofisini. Nilipofika, watu walikuwa wanakimbilia tenki. Mchanganyaji alikuwa ameanguka chini, na yule kijana aliyekuwa juu alimwona, akashuka kumtoa. Alikuwa anaijua sheria. Niliwaambia kila Jumatatu: mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Lakini mtu unayekula naye amelala pale chini, unamwona, ni hatua chache tu.

Nilipanda ngazi ya nje, nikatazama. Wote wawili walikuwa kwenye tope. Kijana alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake ukicheza. Kichwa kikaanza kuzunguka kwa gesi, nikashuka haraka.

"Leteni mtungi," nilisema.

Waliuleta. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala karibu kabisa na mwisho. Labda ulikuwa na hewa ya dakika mbili. Kuingia, kumfunga mtu kamba, kutoka: haitoshi. Nilipiga hesabu hiyo kwa utulivu ambao mpaka sasa unanitisha. Sikuuvaa.

Hapo akaja kaka yake yule kijana, aliyekuwa anafanya kazi upande wa kaboni, ile inayonasa dhahabu kutoka kwenye maji. Alivua koti, akashika ngazi. Nikasimama mbele yake.

"Nipishe, dada."

"Huendi."

"Mdogo wangu yuko hai. Wamesema mkono unacheza."

"Ukienda tunawatoa watatu."

Alinisukuma. Nikaishika ngazi kwa mikono miwili na kuwaita wenzake wamkamate; watu wanne wakamshika. Alikuwa akilia na kumwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Tulifungua vali ya chini, tukaleta feni kubwa ya kupuliza hewa, tukanyunyiza maji ya chokaa. Kila kitu tulikifanya kama inavyotakiwa, na ilichukua muda mrefu kiasi kwamba, tulipowatoa, hakuna aliyeuliza kama wako hai.

Nilikwenda Ushirombo kumzika mchanganyaji. Baada ya misa nilipiga magoti mbele ya mjane wake kwenye mkeka.

"Wewe ndiye yule mwalimu wa usalama?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakusifu hapa. Alisema wewe ukishaandika karatasi, yeye anaingia bila wasiwasi."

Alinishika bega, akaniambia niende nikale na wenzangu. Afadhali angenitukana.

Wachunguzi walipokuja, niliwaambia kuhusu sifuri. Nilitaka mtu aandike. Yule aliyekuwa ananihoji aliacha kalamu, akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Afisa, unajua ukisema hivyo unajifunga mwenyewe?" Nilisema najua. Mwishowe taarifa ilisema marehemu waliingia bila kufuata utaratibu. Fomu yangu haikutajwa. Nilipoiulizia nikaambiwa haionekani kwenye faili. Mtambo ulifungwa kwa muda, ukapakwa rangi, ukafunguliwa. Meneja aliniomba nibaki. Alisema kwa jinsi nilivyomzuia yule wa tatu, nilistahili pongezi. Niliondoka wiki hiyohiyo.

Sasa ninaishi Ibadakuli na dada yangu, ninamsaidia kwenye duka lake la vifaa vya shule. Kuna kampuni zilizoniita kazini. Nilikwenda kwenye usaili mmoja, wakanipa fomu ya kujaza, nikakaa nayo mpaka muda ukaisha.

Mwaka jana dada alinituma Kagongwa kuchukua mchele. Nikiwa nasubiri mzigo kwenye mashine ya kukoboa, mpakiaji mmoja aliteremsha gunia mgongoni karibu na miguu yangu, akainuka. Alikuwa yule kaka. Alikuwa amekonda, na vumbi la pumba limemfunika nyusi.

"Habari za siku," nilimwambia.

Alijifuta uso kwa fulana yake.

"Ungeniacha niende," alisema. Hakusema kwa hasira.

"Ungekufa."

"Najua."

Alisimama pale kidogo, kama vile bado palikuwa na neno ambalo mmoja wetu angeweza kulisema. Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Kisha wakamwita kutoka kwenye lori, akainama, na mtu wa nyuma akamtwisha gunia lingine.